Kutunza na Kurekebisha Bawa la Kuning'inia: Wajibu wa Mmiliki na Mipaka Yake

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kazi mbili ambazo mmiliki wa bawa la kuning'inia huzifanya kwa mikono ileile na mara nyingi kwa siku ileile, yaani kulitunza bawa na kulirekebisha. Hoja kuu ni kwamba kazi hizi zina malengo tofauti. Utunzaji hulirudisha bawa katika umbo lililopimwa na mtengenezaji, ilhali urekebishaji hulisogeza ndani ya mipaka ya umbo hilo. Mmiliki anapozichanganya, bawa linaweza kuruka vizuri zaidi huku likipoteza kinga yake, naye asitambue.

1.0 Utangulizi

Bawa la kuning'inia ni chombo cha kuruka kisicho na injini. Lina tanga lililowambwa juu ya mifupa ya mabomba ya alumini. Rubani huning'inia chini yake kwa mkanda, akiwa ameshika fremu ya pembetatu, na hukiongoza chombo kwa kuhamisha uzito wa mwili wake mbele, nyuma na pembeni. Udhaifu wa uongozaji wa namna hii ulidhihirika mapema. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mabawa aliyoyatengeneza mwenyewe, alianguka tarehe 9 Agosti 1896 baada ya bawa lake kupoteza nguvu ya kuinua na kuelekeza pua chini, akafariki siku iliyofuata. Uzito wa mwili peke yake haukutosha kulirudisha. Bawa la kisasa lilitokana na tanga laini ambalo Francis Rogallo na mkewe Gertrude waliliombea hataza mwaka 1948 nchini Marekani, pamoja na fremu ya pembetatu aliyoitumia John Dickenson huko Grafton, Australia, mwaka 1963.

Kiswahili hakina istilahi zilizozoeleka za chombo hiki, lakini kina msamiati mpana wa vyombo vya tanga, nao unafaa kwa sehemu kubwa. Bomba la katikati linaloanzia puani hadi mkiani linaitwa hapa mkuku, kijiti kinachosimama juu yake ni mlingoti, na vipande vilivyopinda vinavyolipa tanga umbo ni mbavu. Ulinganifu huo una kikomo. Tanga la jahazi huukamata upepo unaopita, lakini tanga la bawa hujitengenezea upepo wake kwa kushuka ndani ya hewa. Jahazi likilegea hupunguza mwendo tu, na nahodha hupata nafasi ya kufikiri. Bawa likipoteza umbo halimpi rubani nafasi hiyo.

2.0 Mmiliki kama mkaguzi

Ndege ya abiria haipaki rangi upya bila fundi mwenye leseni kutia saini. Bawa la kuning'inia, katika nchi nyingi, halina fundi wa namna hiyo. Nchini Marekani, Kanuni ya 103 ya mwaka 1982 haivitaki vyombo vyepesi vya aina hii kuwa na cheti cha ubora wa kuruka. Pengo hilo limezibwa kwa kiasi na vyombo vya wanataaluma, kama vile chama cha watengenezaji wa mabawa cha Marekani (HGMA) na shirikisho la Ujerumani (DHV), ambavyo vimeweka vipimo vya uimara wa mifupa na vya uwezo wa bawa kujirudisha pua inaposhuka. Vipimo hivyo hufanywa kwa gari linalokimbia na bawa likiwa limefungwa juu yake, na kwa rubani wa majaribio.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kinachopimwa ni toleo, si bawa moja moja. Cheti kinasema kwamba bawa lenye urefu fulani wa nyaya, mbavu zenye mkunjo fulani na ncha zilizoinuliwa kwa pembe fulani lilifaulu. Bawa lililoko gereji, lenye miaka minane na tanga lililovutika, linafunikwa na cheti hicho kwa kadiri tu linavyofanana bado na lile lililopimwa. Kazi ya kuthibitisha ufanano huo ni ya mmiliki.

3.0 Utunzaji: kulirudisha bawa katika umbo lake

Sehemu inayostahili kutazamwa kwanza ni nyaya za chini za pembeni. Bawa likiwa hewani, nyaya hizi mbili huyazuia mabawa yasijikunje kwenda juu. Waya ukikatika, hakuna kingine kinachoshika nafasi yake. Waya wa kawaida wa chuma kisichoshika kutu, wenye kipenyo cha milimita 2.4 na nyuzi 49 ndogo zilizosokotwa, ukiwa mpya huhimili zaidi ya kilo 400, nao katika utulivu hubeba sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Ziada hiyo humpumbaza mmiliki. Waya haufi katikati ya urefu wake. Hufia mwishoni, pale unapozunguka pete ya kuukinga na kurudi ndani ya kibano cha shaba, kwa sababu hapo hukunjwa kila bawa linapofungwa na kufunguliwa. Nyuzi za ndani hukatika moja baada ya nyingine kwa uchovu wa metali bila kuonekana. Kosa lililozoeleka hutokea wakati wa kuunga bawa: waya ukiwa umelegea, kikonyo chake hukaa upande kwenye bolti, kisha mvutano unapokuja hukipinda badala ya kukinyoosha. Waya uliopata kikunjo kikali hata mara moja haunyooshwi, hubadilishwa.

Ukaguzi wa waya hufanywa kwa kitambaa kinachopitishwa taratibu kwa urefu wote, si kwa kidole, kwani uzi mmoja uliokatika huchoma kama sindano na kitambaa huunasa mapema. Kabla ya kuruka huongezwa jaribio la mguu: rubani hukanyaga katikati ya waya wa pembeni na kuusukuma chini kwa nguvu. Waya ulionyooka ukisukumwa kwa ubavu huzaa mvutano mkubwa kuliko msukumo wenyewe, hivyo mguu mmoja huweza kujaribu waya, fremu na bomba la kukingama kwa pamoja. Ni jaribio la sekunde chache, na wapo wanaoliacha kwa kuona haya kuukanyaga waya wao wenyewe. Baadhi ya watengenezaji hupendekeza nyaya hizi, pamoja na mikanda ya kuning'inia, zibadilishwe kila mwaka hata zikionekana nzima. Pendekezo hilo linaonekana la kibiashara mpaka mtu alinganishe bei ya waya na bei ya chombo kizima.

Kwa upande wa mabomba, kanuni ni fupi. Miguu ya fremu hupinda mara kwa mara rubani anapotua vibaya, na kupinda huko humpunguzia mshtuko. Bomba lililopinda halirudishwi kwa goti. Alumini ngumu ya aina hii ikinyooshwa huonekana sawa ilhali imepoteza sehemu ya nguvu zake. Mbonyeo mdogo katika bomba la ukingo wa mbele nao ni hatari kuliko unavyoonekana, kwa kuwa bomba lililobanwa huanza kujikunja palepale ukuta wake ulipobonyea.

Tanga hushambuliwa na jua. Kitambaa cha poliesta hudhoofishwa na miale ya urujuanimno, na uzi wa kushonea hudhoofika pia. Bawa lililoachwa wazi mlimani kutwa nzima likisubiri upepo huzeeka bila kuruka. Katika nyanda za juu, kama ukingo wa Elgeyo juu ya Bonde la Kerio nchini Kenya, miale hiyo ni mikali zaidi. Pwani tatizo ni chumvi. Bawa lililotumbukia baharini haliponi kwa kumwagiwa maji baridi juujuu. Chumvi huingia pale bomba moja linapochomekwa ndani ya jingine, ikakaa humo na kuila alumini mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo tanga huvuliwa, mabomba huchomolewa, na kila kipande huoshwa na kukaushwa peke yake.

4.0 Urekebishaji: bawa linalovuta upande mmoja

Lalamiko la kawaida la mmiliki ni kwamba bawa lake halirukii mbele. Rubani akilegeza mikono, bawa huanza kuzunguka, tuseme kushoto. Kwa wengi, mkono huenda moja kwa moja kwenye skrubu. Hapa ndipo mpaka kati ya kazi hizi mbili hupotea, kwani mvuto wa upande mmoja mara nyingi ni dalili ya bawa lililopoteza ulinganifu, yaani ni suala la utunzaji. Kuuzima mvuto huo kwa skrubu ni sawa na kuweka kiraka juu ya ubao uliooza: maji hayaingii tena, na ubao unaendelea kuoza.

Kwa hiyo bawa hukaguliwa kwanza likiwa chini. Kila ubavu huchomolewa na kulazwa juu ya karatasi yenye mchoro halisi wa mtengenezaji, na tofauti ya zaidi ya milimita chache husahihishwa kwa kuukunja taratibu hadi uufuate mchoro. Mbavu za alumini hubadilika kwa matumizi tu, bila ajali yoyote, na hazibadiliki sawasawa pande zote mbili. Baada ya mbavu hutazamwa namna tanga lilivyokaa puani na kwenye ncha, kisha mabomba ya ukingo wa mbele hulinganishwa, la kushoto na la kulia. Hata mkoba wa rubani huhusika: kamba moja iliyofungwa fupi kuliko mwenzake hutosha kuuning'iniza mwili upande mmoja.

Ikiwa haya yote yako sawa na bawa bado linavuta, hapo urekebishaji una haki ya kuanza. Katika mabawa mengi tanga hufungwa nchani kwa kiziba kinachoweza kuzungushwa. Kiziba kikizungushwa kwa namna ya kuushusha ukingo wa nyuma, ncha hukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi na kuinuka; ukingo ukiinuliwa, ncha hubeba kidogo. Bawa linalovuta kushoto, basi, huweza kusahihishwa kwa kuushusha kidogo ukingo wa nyuma wa ncha ya kushoto, au kuuinua ule wa kulia. Miongozo ya watengenezaji huruhusu njia zote mbili. Hata hivyo, ya pili ina nafuu, kwa sababu msokoto wa ncha ni sehemu ya kinga ya bawa dhidi ya kushusha pua, na ni heri kuuongeza kuliko kuupunguza.

Marekebisho hufanywa moja baada ya jingine, kwa kiasi kidogo, kisha hujaribiwa katika hewa tulivu ya asubuhi, kwa kasi ndogo na kwa kasi kubwa. Anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja hujifunza tu kwamba kuna kilichobadilika.

Kasi ambayo bawa hulishika lenyewe rubani akilegeza mikono hurekebishwa kwa kusogeza mkanda wa kuning'inia juu ya mkuku: mbele huongeza kasi, nyuma huipunguza. Wanaotafuta kushuka polepole huusogeza nyuma, wakilikaribia bila kujua lile eneo ambalo bawa hupoteza nguvu ya kuinua. Juu angani kosa hilo lina muda wa kusahihishwa. Mita 10 kutoka ardhini halina.

5.0 Sprogi na kishawishi cha kasi

Mabawa ya mashindano hayana mlingoti wala nyuzi za juu zinazouinua ukingo wa nyuma wa tanga. Badala yake yana vijiti ndani ya tanga, karibu na ncha, vinavyoitwa sprogi. Kwa kuwa bawa limerudishwa nyuma kama mshale, ncha zake ziko nyuma ya kitovu cha uzito. Pua ikishuka ghafla na tanga likapoteza shinikizo la hewa kutoka chini, sprogi huuzuia ukingo wa nyuma usianguke. Ukingo ulioinuka husukumwa chini na hewa, mkia hushuka, na pua hurudi juu. Bila hilo bawa huweza kupinduka kichwangomba, na mifupa yake mara nyingi huvunjika kabla rubani hajafikia mpini wa parashuti ya dharura.

Urefu wa sprogi hurekebishwa kwa skrubu. Mmiliki akizishusha kidogo, bawa huonekana kupata uhai mpya. Kwa kasi kubwa, tanga likiwa limekazwa, fremu haimsukumi tena rubani kwa nguvu, na mwendo kati ya wingu na wingu huwa mrefu. Katika safari za kawaida tanga huelea juu ya sprogi na kuzigusa kwa nadra, hivyo hakuna dalili yoyote ya kilichopotea. Hili ndilo linaloutofautisha urekebishaji huu na ule wa ncha. Bawa linalovuta kushoto humkumbusha mmiliki kosa lake kila dakika. Sprogi zilizoshushwa humpongeza hadi siku moja ya hewa yenye msukosuko. Ndiyo maana katika mashindano ya kimataifa chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI), pembe ya sprogi hupimwa kwa kifaa badala ya kuaminiwa kwa maneno.

Sprogi huweza pia kushuka bila kuguswa. Tanga hubadilika vipimo kwa umri, viungio huchakaa, na kamba hurefuka. Kuzipima kwa kipimapembe na kuzirudisha kwenye kiwango cha mtengenezaji ni utunzaji. Kuzishusha chini ya kiwango hicho si urekebishaji, kwa kuwa mipaka ya umbo lililopimwa imeshavukwa. Ni utengenezaji wa bawa jipya lisilojaribiwa na mtu yeyote.

6.0 Daftari la bawa

Kinachotenganisha kazi hizi kwa vitendo ni maandishi. Daftari la bawa huonyesha tarehe ya kubadilisha nyaya, hali ya kila ubavu, mahali pa mkanda juu ya mkuku, pembe ya sprogi kushoto na kulia, na siku parashuti ilipofunguliwa na kukunjwa upya. Thamani yake huonekana zaidi bawa linapouzwa. Mnunuzi hukabidhiwa mfuko mrefu wenye mabomba na kitambaa, na anachoweza kukiona siku hiyo ni rangi ya tanga na ukavu wa mishono. Bila daftari, hana namna ya kujua kama kiziba cha kushoto kilizungushwa kumaliza mvuto mdogo au kuficha bomba lililopinda. Kwa bawa la namna hiyo, hatua ya kwanza kabla ya kuruka ni kulivua tanga, kulipima kila bomba, kubadilisha nyaya zote za chini, na kurudisha kila skrubu kwenye namba iliyoandikwa na mtengenezaji.