Kura ya 2027: Usiulize ahadi, uliza rekodi

Hapa Skuta tunabishana nani atashusha bei ya unga. Poa, lakini jiulize pia: nani atakuacha uandike mtandaoni na ulale kwako?

Chini ya Ruto, vijana walitekwa nyara baada ya maandamano ya Juni 2024, na Juni 2025 Albert Ojwang' akafia mikononi mwa polisi baada ya kukamatwa kwa sababu ya posti. Wetu Gachagua? Juni 2024 alikuwa naibu rais. Matiang'i? Akiwa waziri wa usalama 2018, runinga zilizimwa, korti ikaamuru ziwashwe, serikali ikakaidi.

Malaika hayuko. Kwa hivyo mpime hivi: korti ikimwambia hapana, anatii? Usipigie kura kabila, buda.