KIPIMO CHA INSULINI: KARATASI INASEMA NINI?

Ndugu mfanyakazi wa Shituru, Panda ao Kambove, mganga amekutuma kwenye laboratwari. Karatasi imerudi, imeandikwa «insulini» na hesabu mbele yake. Usiogope, wala usifurahi mbio. Soma kwanza.

Insulini ni nini?
Nyuma ya tumbo lako kuna kiungo kiitwacho kongosho. Ukila bukari, chakula kinageuka sukari katika damu. Kongosho inatoa insulini, nayo inaingiza sukari mwilini ipate kuwa nguvu. Insulini ikikosa, sukari inabaki katika damu: unapata kiu, unakojoa mara nyingi, unakonda. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921. Kabla ya hapo, vijana waliopata ugonjwa huu walikufa.

Hesabu moja haitoshi
Kinachoonyesha ugonjwa wa sukari ni kipimo cha sukari: kama hukula kwa saa 8 na sukari ni miligramu 126 ao zaidi kwa desilita, na kipimo cha pili kikakubali, basi unao. Kipimo cha insulini kinajibu ulizo lingine: kongosho ingali ikifanya kazi? Kwa hiyo mganga anavisoma vyote viwili pamoja. Sukari juu na insulini chini: kongosho imechoka. Sukari juu na insulini juu: kongosho inajikaza, lakini mwili hauitii.

Je, unapiga sindano za insulini? Kipimo kinaweza kuhesabu na ile ya chupa. Ndiyo sababu mganga anaomba kipimo cha peptidi-C. Kongosho inaitoa pamoja na insulini yake. Katika chupa haimo.

Kabla ya kutolewa damu
— Usile saa 8, maji tu. Pombe hapana.
— Taja dawa zote unazokunywa, hata za miti.
— Ukitoka kazi ya usiku, sema.
— Mwenye sindano aulize kwanza: nipige saa ngapi? Asijifungishe chakula ovyo.

Hatari kazini
Mwenye sindano akikosa chakula, sukari inaweza kushuka chini ya 70. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, akili inapotea. Fikiri mtu huyo yuko kwenye usukani wa kamio, ao karibu na mabirika ya asidi! Aache kazi mara moja, aite mwenzake, anywe vijiko vidogo 3 ao 4 vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15, kama hali haijabadilika, arudie. Akizimia, usimtie kitu kinywani: mpeleke hospitali mbio.

Kwa hiyo usifiche ugonjwa wako kwa mkubwa wa kazi na kwa wenzako wa timu. Wasiojua hawawezi kukusaidia. Wala usiache sindano kwa sababu leo unajisikia vema: ni sindano hiyo inayokufanya ujisikie vema. Mweke mama wa nyumbani karibu nawe unapoongea na mganga, maana yeye ndiye anayepika.