HAKI YA KUSIKILIZWA KABLA YA KUHUKUMIWA

Katika makala hii nataka kueleza jambo ambalo kila mmoja wetu amelidai tangu utotoni, ingawa wachache wetu twajua kwamba ni sheria. Mtoto akichapwa kwa kosa la ndugu yake, hulia akisema, "Hata hukuniuliza!" Halii kwa maumivu peke yake, analia kwa kuwa ameamuliwa bila ya kuulizwa. Wanasheria huiita haki hiyo haki ya asili, na sehemu yake kubwa ni haki ya kusikilizwa.

Wengi hudhani kwamba haki hii ni ya mahakamani tu, mbele ya hakimu na mawakili. Sivyo. Mambo mengi yanayogusa maisha ya watu huku kwetu Temeke, na kwa wenzetu wa Kinondoni, hayaamuliwi na hakimu. Huamuliwa na ofisi ya mtaa, kamati ya soko, idara ya ardhi, au bodi ya shule. Ofisa akiandika mstari mmoja tu, mtu aweza kupoteza meza yake, kiwanja chake, kazi yake au nafasi yake ya masomo. Kwa hiyo sheria yamtaka ofisa naye afuate utaratibu wa haki.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kwanza, mtu aambiwe mapema ni jambo gani linasemwa juu yake. Pili, apewe nafasi ya kujibu, kwa mdomo au kwa barua, na kuleta mashahidi wake. Tatu, mwenye kuamua asiwe na maslahi katika shauri hilo. Wazee wetu walikwisha kutuonya juu ya kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Nne, aelezwe sababu za uamuzi. Tano, aonyeshwe mahali pa kukata rufaa.

Katika nchi yetu jambo hili limo ndani ya Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(a), iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za binadamu mwaka 1984. Ibara hiyo yasema kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kikamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine. Tafadhali angalieni maneno "chombo kingine." Hayo ndiyo yanayoitoa haki hii mahakamani na kuiingiza ofisini. Katika shauri la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba haki ya asili si kanuni tu tuliyoirithi kwa Waingereza, bali ni haki ya msingi ya Katiba yetu.

Waingereza wenyewe hupenda kukumbuka shauri la mwaka 1723. Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa kimemnyang'anya Dakta Richard Bentley shahada zake bila ya kumsikiliza. Mahakama iliamuru arudishiwe. Jaji mmoja alisema kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza kama amekula tunda la mti aliokatazwa.

Hapa msomaji mwerevu ataniuliza: Mungu alijua tangu mwanzo kwamba Adamu amekula. Basi yafaa nini kumwuliza mtu ambaye kosa lake li wazi? Si kupoteza wakati? Swali hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, nami nitalijibu kwa jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Shangazi yangu alikuwa na meza ya nyanya na vitunguu katika soko moja la pembezoni mwa jiji. Mwaka juzi mtoto wake alilazwa hospitali, naye akakaa naye huko siku ishirini. Aliporudi sokoni alikuta meza ina mtu mwingine. Katika daftari iliandikwa: "Ameacha biashara." Sidhani kwamba aliyeandika alikusudia kusema uongo. Meza kweli ilikuwa tupu siku nyingi, na wenye kungojea nafasi walikuwa wengi. Lakini shangazi alikuwa na karatasi ya hospitali, tena alikuwa na risiti ya kodi ya meza ya mwezi mzima, na mtu aliyeacha biashara halipi kodi ya mwezi mzima. Karatasi hizo mbili zingesomwa kwa dakika tano. Alipokwenda kuzionyesha aliambiwa kwamba uamuzi umekwisha kupita. Leo anauza nyanya kwa kutembeza beseni kichwani.

Jibu la swali letu ni hilo. Daftari huonyesha kile kilichoonekana. Sababu yake haimo daftarini, imo kwa mtu mwenyewe. Sisi si Mungu, hatujui yote, na kosa tunaloliona kuwa wazi mara nyingi ni wazi kwa sababu tumelitazama upande mmoja. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba uamuzi uliotolewa bila ya kumsikiliza mhusika ni batili, hata kama angesikilizwa na uamuzi ukabaki ule ule.

Tulitazame pia Bonde la Msimbazi, upande wa Kinondoni. Hakuna asiyejua kwamba bonde lile hufurika. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia zilihamishwa na kupewa viwanja Mabwepande. Mwezi wa Desemba 2015 nyumba zilizokuwa bondeni zilianza kubomolewa. Mbele ya tingatinga nyumba zote ni sawa. Lakini huenda mwenye nyumba hii alipata kiwanja Mabwepande akarudi bondeni, wa pili hakupata kabisa, na wa tatu ni mpangaji tu. Watu hao hawawezi kutengwa ila kwa kuulizwa mmoja mmoja. Mapema Januari 2016 Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, ilisimamisha kwa muda ubomoaji wa nyumba za wakazi waliokuwa wamefungua shauri. Amri ya namna hiyo haisemi kwamba bonde ni mahali salama. Yasema: ngojeni, kwanza tusikilize.

Haki hii haiishii mipakani. Pale Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 22 Machi 2018 iliamua shauri la mtu mmoja aliyekwenda polisi Babati mwaka 2012 kwa ajili ya mambo ya ndoa yake, uraia wake ukatiliwa shaka, akanyang'anywa pasipoti. Mwaka 2014 alifukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akawa anaishi katika ukanda ulio kati ya mipaka miwili. Mahakama iliona kwamba Tanzania ilivunja haki zake, mojawapo ikiwa haki ya kusikilizwa, kwa sababu sheria ya uraia haikumpa aliyedai kuwa raia wa kuzaliwa njia ya kulipeleka shauri lake mahakamani. Yafaa tujue pia kwamba tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kufungua shauri jipya moja kwa moja dhidi ya Tanzania katika mahakama hiyo, kwa kuwa Serikali iliondoa ridhaa yake mwaka 2019.

Hata Umoja wa Mataifa umefundishwa somo hili. Mwezi wa Oktoba 2001 jina la mfanyabiashara wa Saudi Arabia, Yassin Abdullah Kadi, liliwekwa katika orodha ya watu wanaodhaniwa kusaidia ugaidi, na mali yake katika Ulaya ikazuiwa. Hakuelezwa ushahidi. Tarehe 3 Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitangua amri ile kwa upande wake. Majaji walikubali kwamba mtu wa namna hiyo haonywi kabla, maana angeficha fedha; lakini baada ya mali kuzuiwa hapana budi aelezwe sababu na asikilizwe. Mwaka 2009 Baraza la Usalama lilianzisha ofisi ya kupokea malalamiko ya walioorodheshwa, na mwaka 2012 jina la Kadi likaondolewa. Tanzania ilikuwa na chombo cha kupokea malalamiko dhidi ya maofisa tangu mwaka 1966, yaani Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Tangu 2001 kazi hiyo inafanywa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Sasa neno kwa wazazi wetu. Mkiletewa uamuzi msioukubali, ombeni uandikwe, pamoja na sababu. Tunzeni risiti na nakala za barua. Ulizeni rufaa inakwenda wapi na kwa siku ngapi, maana wengi hupoteza haki yao kwa kuchelewa tu. Wala msiogope lugha: mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama na mabaraza. Lakini mjue kwamba kusikilizwa si kushinda. Mtu aweza kusikilizwa vizuri na bado akaonekana mkosa.

Kwetu sisi wanafunzi, kazi hii yaanzia darasani. Kila siku kiongozi wa darasa huandika orodha ya wapiga kelele na kuipeleka kwa mwalimu wa zamu. Napendekeza kwamba kabla ya orodha kutoka darasani isomwe kwa sauti, na kila aliyetajwa apewe nafasi ya kusema neno moja. Tena kiongozi asiandike jina la mtu waliyegombana naye asubuhi. Kazi hiyo ampe msaidizi wake. Jambo hili halitachukua zaidi ya dakika tano, nami naomba lijadiliwe katika baraza la shule muhula ujao.