Ni Nani Huwaua Nyumbu wa Serengeti?

Mkulima hupimwa kwa magunia, na mwalimu kwa wanafunzi wake. Je, mtafiti wa wanyamapori apimwe kwa nini? Huko vyuo vikuu jibu limekuwa hesabu: ameandika makala ngapi, na wanazuoni wenzake wamezitaja mara ngapi katika maandishi yao. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo kinachoitwa kwa herufi moja tu, h. Mtafiti ambaye makala zake 20 zimetajwa walau mara 20 kila moja, hustahili alama 20.

Ni kipimo chepesi, pengine chepesi mno. Hebu, ndugu msomaji, tuitazame makala moja ambayo wataalamu wa mambo haya huitaja sana, tuone ndani yake mna nini.

Ilitoka mwaka 1999 katika jarida la Journal of Animal Ecology, huko Uingereza. Mwandishi wake wa kwanza ni Mtanzania, Dk. Simon Mduma, aliyesomea shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na ambaye baadaye aliiongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Wenzake walikuwa Anthony Sinclair na Ray Hilborn. Swali lao lilikuwa hili: ni kitu gani kinachowazuia nyumbu wa Serengeti wasizidi kuongezeka?

Wengi wetu tungejibu bila kusita: simba.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini nyumbu hao walikuwa kama robo milioni. Sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki mnamo mwaka 1890, ulikuwa ukiwamaliza ndama wao. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka miongoni mwa nyumbu nao, na kufikia mwaka 1977 idadi yao ilikuwa imepita milioni moja. Kisha ongezeko likasimama.

Ili kujua sababu, watafiti waliifuata mizoga porini na kuivunja mifupa wautazame uboho. Mnyama mwenye afya uboho wake ni mweupe, umejaa mafuta. Aliyekondeana kwa njaa uboho wake hulegea na kung'aa kama ute. Ilidhihirika kwamba vifo vitatu katika kila vinne vilitokana na ukosefu wa lishe, hasa wakati wa kiangazi. Ukame mkali wa mwaka 1993 uliishusha idadi hiyo chini ya milioni moja.

Jibu hilo si la kupamba maktaba. Kama mhusika angekuwa simba, shauri lingekuwa la simba. Lakini mhusika ni majani, na kwa hiyo uhai wa nyumbu umo katika malisho ya kaskazini na maji ya mto Mara, wanakokimbilia kiangazi. Ardhi hiyo ikifungwa watakufa, hata kama hakuna aliyewarushia mshale. Na kwa jirani wa hifadhi, ambaye naye ana watoto wa kulisha, hilo si neno jepesi kuambiwa.

Simba naye alipata kesi yake mwaka 2003, katika jarida la Nature. Sinclair, Mduma na Justin Brashares walionyesha kwamba wanyama wadogo, kama taya, ndio hasa wanaopunguzwa na wala nyama. Wakubwa kama nyati na tembo hupunguzwa na chakula.

Makala ya 1999 ilitegemea kumbukumbu za miaka 40. Nyumbu walipigwa picha kutoka angani, kisha mtu akakaa mezani akiwahesabu mmoja mmoja katika picha hizo. Michael Grzimek, aliyeanza kuwahesabu kwa ndege pamoja na baba yake Bernhard mwaka 1958, alikufa Januari 1959 ndege yao ilipoanguka. Rubani, dereva na askari wa wanyamapori hawana alama yoyote katika kipimo cha h.

Wala kipimo hicho hakiulizi makala imeandikwa kwa lugha gani. Hizi mbili zimeandikwa kwa Kiingereza, nazo hazikuandikiwa yule mfugaji aliyekubali ng'ombe wake wachomwe sindano, nyumbu wakapona.