Pumzi Sita kwa Dakika

Desemba 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa daktari Mwitaliano, Luciano Bernardi, na wenzake. Walichukua watu wazima 23 wenye afya, wakawapima pumzi, mapigo ya moyo na presha: wakiwa wametulia, wakizungumza, wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, na wakikariri mantra, maneno ya sala yatokayo katika mapokeo ya yoga. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama mara 12 hadi 18 kwa dakika. Hawa waliposali rozari, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita. Mantra nayo ikawafikisha palepale.

Kwa nini sita? Jibu limo ndani ya mishipa ya damu. Presha haitulii mahali pamoja hata ukiwa umelala chali. Hupanda na kushuka kidogo kwa mawimbi, na moja kati ya mawimbi hayo huchukua takriban sekunde 10 kukamilika. Mwanasayansi Siegmund Mayer aliyaeleza mwaka 1876, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Sekunde 10 kwa wimbi moja ni mara sita kwa dakika.

Katika kuta za mishipa mikubwa ya shingoni, na za ule mshipa mkuu utokao moyoni, kuna ncha za neva zinazohisi mvutano. Presha ikipanda, ukuta hutanuka, neva hupeleka habari kwenye ubongo, na moyo huamriwa upunguze kasi. Presha ikishuka, moyo huharakishwa. Ndiyo maana ukiinuka kitandani asubuhi kwa kawaida huanguki. Pumzi nayo ina mchango wake: ukivuta, moyo huongeza mwendo kidogo, ukitoa, hupunguza. Pumzi zikienda mara sita kwa dakika, mwendo wake hulingana na wimbi la Mayer, na mawili hayo hukuzana kama bembea inayosukumwa kila inapomrudia msukumaji.

Bernardi aliliona hilo kwenye vipimo. Wakati wa kusali, uwezo wa moyo kuitikia mabadiliko ya presha uliongezeka. Muda kati ya pigo na pigo ulibadilika kwa milisekunde 11.5 kwa kila milimita moja ya zebaki ya presha, badala ya 9.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini madaktari wa moyo huitazama kwa makini, kwa sababu mgonjwa aliyepata shambulio la moyo na uwezo huu ukawa hafifu huwa katika hatari kubwa zaidi.

Sasa itazame rozari yenyewe inavyosaliwa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inapokutana nyumbani kwa mmoja wa wanajumuiya. Kiongozi anaanza nusu ya kwanza, wengine wanaitikia nusu ya pili. Mama aliyeketi mkekani ameshika punje kati ya kidole gumba na cha shahada. Anaitikia kwa pumzi moja inayotoka taratibu mpaka Amina. Kiongozi akianza tena, yeye yuko kimya. Kifua kinapanda, punje inasogea, na zamu yake inaporudi ana pumzi ya kutosha. Nafasi ile ya kuvuta pumzi hakujipa mwenyewe, amepewa na anayesali naye. Akitokea mwenye haraka, sauti za wenzake humrudisha kwenye mwendo. Matendo matano ya rozari yana Salamu Maria 50. Kila moja ikichukua sekunde 10, hizo ni zaidi ya dakika nane za pumzi tulivu. Rozari ya mbiombio, ile ya kuwahi taarifa ya habari, haiachi nafasi hiyo, na ningependa viongozi wa jumuiya walijue jambo hili.

Dhikri ya Waislamu haikupimwa katika utafiti ule wa Bernardi. Hata hivyo, anayevuta uradi kwa utulivu baada ya swala, tasbihi mkononi, anaweza kutazama saa na kuhesabu pumzi zake mwenyewe. Na asiyeshika rozari wala tasbihi anaweza kuvuta pumzi kwa sekunde nne na kuitoa kwa sekunde sita, dakika chache kila jioni. Ukihisi kizunguzungu, rudi kwenye pumzi zako za kawaida. Mwenye presha aendelee na vidonge vyake na tarehe zake za kliniki; hakuna lolote katika vipimo hivi linalomruhusu kuviacha.

Watu 23 ni wachache, na kipimo cha muda mfupi hakisemi mtu ataishi miaka mingapi. Ila mwaka 2016 Shanshan Li, Tyler VanderWeele na wenzao wa Harvard walitoa matokeo ya wauguzi wanawake 74,534 wa Marekani, ambao vifo miongoni mwao vilifuatiliwa tangu 1996 hadi 2012. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa, hata baada ya kuzingatia mambo mengine mengi ya maisha na afya zao. Ufuatiliaji wa namna hii hauthibitishi moja kwa moja kwamba ibada ndiyo sababu. Lakini watafiti walichambua njia ambazo huenda zilihusika, na iliyobeba sehemu kubwa zaidi, asilimia 23, ilikuwa kuwa na watu wa kukushika mkono. Kutovuta sigara kulifuata kwa asilimia 22, na kupungua kwa sonona kwa asilimia 11.

Kwa hiyo nasikitika kila ninaposikia mtu anayeuguza akiambiwa tu, "jitunze, jipe muda." Muda huo ataupata wapi? Binti anayemgeuza mama yake aliyepooza kila baada ya saa mbili, anayefua mashuka usiku na kupika uji alfajiri, ndiye wa kwanza kukosekana jumuiyani. Tunamwombea, tunampelekea sukari na sabuni, tunaondoka. Ilhali ndiye anayehitaji zaidi zile dakika nane, na watu wa kumshika mkono.

Jumuiya inaweza kuhamishia sala kwake, hata wiki tatu mfululizo, bila kumtaka apike chai. Inaweza kuweka zamu: wawili wafike nusu saa kabla, mmoja ajifunze kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, mwingine aoshe vyombo, na binti aketi mkekani aitikie kama wengine. Sala ikiisha, yule aliyejifunza kugeuza abaki saa moja zaidi, binti akalale.