Barakoa Inayovuja Usiku: Lipi Kweli, Lipi Uzushi

Saa nane za usiku mke wangu alinigusa bega. "Baba Salma, umeanza tena." Nilibisha, kama kila mkoromaji anavyobisha. Tangu nianze kulala na mashine ya CPAP, kukoroma kulikuwa kumebaki hadithi ya kuchekea wageni. Lakini asubuhi ile niliamka mdomo umekauka, jicho la kushoto limeiva, na juu ya pua pana alama nyekundu kama niliyebanwa na kibanio cha nguo. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Kilichochoka ni kipande cha silikoni chepesi kuliko andazi.

Kwa asiyeijua: mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini, koo lake hulegea na kufumba akilala, na mashine humsukumia hewa ili njia ibaki wazi. Msukumo wenyewe ni mdogo, hupimwa kwa sentimita za maji, kuanzia 4 hadi 20. Chukua mrija, uzamishe sentimita 10 ndani ya glasi ya maji, upulize mpaka povu la kwanza litoke: ndiyo nguvu ya 10. Nguvu ndogo kiasi hicho haihitaji tundu kubwa ili ipotee. Wagonjwa wa kwanza wa Profesa Colin Sullivan, aliyebuni tiba hii kule Sydney na kuitangaza mwaka 1981, walikuwa wakibandika barakoa puani kwa gundi ya silikoni kila usiku. Leo gundi hatuna, tuna mto laini na mikanda. Na juu ya vitu hivyo viwili pamezuka maneno mengi.

"Mto wa barakoa hubadilishwa kila mwezi."

Si kweli, ingawa utaikuta ratiba hiyo kwenye makaratasi ya wauzaji na kwa ndugu walioko Marekani. Chimbuko lake ni bima. Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wenye miaka 65 na kuendelea, imeweka kiwango cha juu cha vifaa itakavyolipia: mito 2 kwa mwezi kwa barakoa ya pua, mto 1 kwa mwezi kwa ile inayofunika pua na mdomo, bomba 1 kila miezi 3, mikanda na tangi la maji kila miezi 6. Hicho ni kikomo cha malipo. Hakuna mahali panaposema silikoni hufa siku ya thelathini. Tena mwaka 2013 ofisi ya mkaguzi mkuu ya Wizara ya Afya ya nchi hiyo iliilinganisha ratiba ya Medicare na za walipaji wengine, ikaona inaruhusu vifaa mara nyingi zaidi, ikashauri ipitiwe upya.

Sasa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, anayenunua kwa fedha ya mfukoni au kumsubiri shemeji aje na begi kutoka ng'ambo, akiishika ratiba ile kama sheria, mambo huwa mawili. Ama anatumia fedha ya ada ya mtoto kwenye silikoni ambayo bado nzima, ama anakata tamaa, anasema "hizi ni biashara za watu," na kulalia mto mmoja miaka mitatu. Mimi nilikuwa wa kundi la pili.

"Ikionekana safi, bado nzima."

Hili ndilo lililonidanganya. Mto wangu ulikuwa unang'aa. Naosha kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, nauanika kivulini. Macho hayakuona kitu. Kilichoona ni kidole.

Fanya hivi. Nawa mikono, kausha. Pitisha ncha ya kidole taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mto, ule mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukiwa mpya hurudi wenyewe ukiubonyeza, na kidole huteleza bila kukwama. Ukichoka hulala pale ulipousukuma kama sikio la mbuzi, au hunata, au una mikunjo midogo isiyonyooka. Kisha uinue dhidi ya mwanga wa dirisha. Angalia hasa pembe inayokaa juu ya pua na zile za kando ya mdomo, maana ndiko inakoanzia michaniko midogo. Umanjano pekee haunitishi. Umanjano pamoja na ulegevu, naagiza mwingine.

Ukingo ule una kazi yake. Hewa ikiingia huujaza ukavimba kidogo na kujilaza usoni, na huko kuvimba ndiko kunakoziba. Ukilegea, hauvimbi sawasawa. Kinacholegeza ni mafuta: ya uso wenyewe, na tunayojipaka. Sisi tumelelewa kupaka mafuta kabla ya kulala, ya nazi au Vaseline, na mtoto aliyepauka ni aibu ya mama. Kwa mwenye barakoa, paka mikono na miguu utakavyo, uso uoshe na uuache mkavu.

"Ikivuja, kaza mikanda."

Si kweli, na ndiyo njia ya haraka ya kujitia kidonda puani. Ukikaza sana, ukingo unabanwa usiweze kuvimba, unajikunja, hewa inapata njia mpya kuelekea jichoni. Unakaza tena. Alama niliyoamka nayo asubuhi ile niliitengeneza mwenyewe.

Cha kufanya ni kulala chali, kuwasha mashine, kisha kuivuta barakoa kidogo kutoka usoni mpaka mto ujae hewa, na kuirudisha polepole. Ikitulia, mto ungali hai. Ikiendelea kupuliza baada ya majaribio mawili matatu, tazama mikanda yenyewe. Siku niliyofungua mikanda mipya nilishona uzi mwekundu pale velkro iliposhika. Uzi ule ndio kalenda yangu. Kidogo kidogo mshiko ukihama, ukipita uzi kwa vidole viwili, najua mpira wa ndani umekwisha. Velkro inayofumuka ukigeuka upande nayo imekwisha, na hakuna pini ya kuiokoa.

"Hewa inayotoka mbele inaonyesha barakoa imetoboka."

Mara nyingi si kweli, na hapa naomba usome taratibu. Kila barakoa ya CPAP ya nyumbani ina vitundu vilivyowekwa makusudi, mbele au kwenye kiwiko, vya kutolea pumzi chafu. Bila hivyo ungepumua tena hewa uliyokwisha itoa. Namjua mzee mmoja aliyeviziba kwa plasta kwa sababu vinamwimbia usiku. Mwanawe aliiona kabla hajalala nayo. Vitundu havizibwi kwa plasta, kwa pamba wala kwa kitu kingine, na vikijaa uchafu usiotoka kwa brashi laini na sabuni, fremu hiyo ibadilishwe.

Mlio wake wa kawaida ni mwembamba na wa kudumu, kama redio iliyopoteza stesheni. Unaoashiria uchakavu ni ule wa kupwitapwita kando ya shavu, unaobadilika kila ukigeuza kichwa.

"Kuvuja kote ni uchakavu."

Si kweli, na hili wanawake wanalijua kuliko madaktari. Umesuka Jumamosi, Jumapili barakoa inavuja. Kichwa kimebadilika umbo, mikanda haiketi ilipokuwa ikiketi. Fumua utaona ilivyorudi yenyewe. Wanaume, ndevu za wiki mbili zinatosha. Kupungua uzito, kung'olewa meno ya mbele, kubadilisha mto wa kulalia, vyote vinavuruga.

Namna ya kutofautisha ni kuangalia namba. Mashine nyingi za sasa huonyesha asubuhi kiasi cha hewa iliyovuja na idadi ya pumzi zilizokatika kwa saa. Kwenye mashine za ResMed, uvujaji unaovuka lita 24 kwa dakika ndio unaohesabiwa kuwa mkubwa. Ukipanda ghafla usiku mmoja, tafuta sababu ya usiku huo. Ukipanda kidogokidogo wiki hadi wiki, kipo kipuri kinachozeeka. Na kama barakoa ni mpya, hakuna uvujaji, lakini bado unasinzia kwenye daladala au pumzi zinakatika mara 5 au zaidi kwa saa siku nyingi mfululizo, acha kununua vipuri. Rudi kwa daktari.

"Bomba halina cha kuharibika."

Lina. Hutoboka kwenye mikunjo na pale linapoungana na mashine. Lichomoe, simama juu ya karai, ziba upande mmoja kwa kiganja, jaza maji, kisha livute kidogo mikunjo ifunguke. Fundi wa baiskeli anaitafuta pancha kwa povu, wewe unaitafuta kwa tone. Likiwa kavu nje, likaushe ndani na uendelee nalo. Lile lenye nyaya za joto usilifanyie hivi, lisikilize tu mashine ikiwa inafanya kazi huku ukipitisha mkono uliolowa.

"Filta ndiyo ya kubadilisha mapema kuliko vyote."

Kweli. Ile nyeupe nyembamba haifuliwi, ikifuliwa imekufa. Ile ya sponji ya kijivu, kwa mashine zilizo nayo, huoshwa na kukaushwa. Usiku wa vumbi la barabara isiyo na lami, moshi wa dawa ya mbu, au udi kwenye chetezo, filta nyeupe hugeuka rangi ya majivu haraka kuliko ratiba yoyote ilivyotabiri. Nimeacha kufukiza chumbani. Sasa nguo ndizo zinazofukizwa, sebuleni.

"Jik na jua kali huirudishia upya."

Si kweli. Watengenezaji wanakataza dawa ya kung'arisha nguo, spiriti, maji yanayochemka na kuanika juani, maana plastiki hukakamaa na mikanda hufa upesi. Vile visanduku vya kusafishia kwa gesi ya ozoni navyo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2020 kwamba haikuwa imeviidhinisha. Ukoga mweupe kwenye tangi hutokana na maji yenye chumvi, hasa ya kisima, na siki iliyochanganywa na maji huutoa. Tangi lenye ufa hata mwembamba halitibiki. Kwa jumla tumia maji yaliyotoneshwa, lakini usiyachukue kituo cha mafuta kwa jina la "maji ya betri": chupa moja ni maji, inayofuata ni asidi.

"Barakoa ni barakoa, za mtumba au za kampuni nyingine zitafaa."

Si kweli kwa vipuri. Mto wa modeli moja huweza kuonekana umekaa kwenye fremu ya nyingine, halafu usiku ukachomoka. Na mto uliotumiwa na mtu mwingine umekwisha jifunza uso wake. Kuna na jambo la sumaku: barakoa nyingi hufungwa kwa vibanio vya sumaku, na mwaka 2022 Philips ilitoa onyo kuhusu barakoa zake zaidi ya milioni 17 kwa sababu sumaku huweza kuingilia vifaa vilivyopandikizwa mwilini, mfano kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Anayelala kando yako naye anahusika. Kabla hujapokea barakoa ya kupewa, uliza.

"Cha zamani kitupwe siku kipya kinapofika."

Sikubali. Mto uliochoka kidogo lakini haujachanika naukausha, nautia kwenye mfuko wa karatasi, naandika tarehe. Umeniokoa Tanga, siku niliposahau barakoa nzima nyumbani kwa dada na kuchukua fremu ya akiba garini. Bomba lenye tobo na filta nyeusi, hivyo vitupwe. Mikanda yangu ya kwanza, ile ya uzi mwekundu, mke wangu aliiona kwenye ndoo ya taka akaiokota. Sasa inashika pazia la jikoni, na haijalegea kwa kazi hiyo hata kidogo.