Ganzi Isiyoonekana Kwenye Picha

Madaktari wanaofanya upasuaji wa kuongeza matiti, wawe Istanbul, Dubai au Nairobi, hujitangaza kwa picha mbili mbili: kabla na baada. Kushoto titi dogo, au lililolegea baada ya watoto kunyonya. Kulia titi lililojaa. Nimeziangalia picha hizo nyingi, nikitafuta jambo ambalo nilijua tangu mwanzo kwamba sitaliona. Je, huyu mwenye titi bado anahisi kanga inapomgusa?

Kiswahili kina neno kali kwa hali hiyo. Tunasema mkono umekufa ganzi, mguu umekufa ganzi. Kwa mkono uliolaliwa usiku, ni kifo cha dakika tano. Kwa titi lililopasuliwa kinaweza kuwa cha wiki sita, cha mwaka, na kwa baadhi ya wanawake kikawa cha maisha yote. Wanawake wengi hupata mabadiliko ya hisi siku za mwanzo, na wengi wao hurudiwa na hisi zao. Wasiorudiwa ndio wanaonifanya niandike, kwa sababu wengi wao walipewa neno hilo kwa haraka, katikati ya maelezo ya bei na ukubwa wa kifuko.

Tuanze na mshipa wenyewe. Hisi ya chuchu hutegemea zaidi mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo na kupita chini ya ubavu wa nne. Tawi lake moja huchomoza ubavuni, chini ya kwapa, likatambaa juu ya utando wa msuli wa kifua, kisha likapanda katikati ya nyama ya titi mpaka kwenye chuchu. Mishipa ya jirani, wa tatu na wa tano, huusaidia. Sasa fikiria kazi ya mpasuaji. Ili kifuko cha silikoni kikae, lazima atengeneze nafasi, ama kati ya titi na msuli, ama chini ya msuli wenyewe. Nafasi hiyo inapotanuliwa kuelekea ubavuni, mkono wake unafika palepale mshipa unapochomoza. Wapasuaji wazoefu huacha kukata wanapokaribia hapo, wakatanua taratibu kwa kidole. Anayetaka nafasi kubwa kwa haraka anaweza kuukata bila hata kuuona.

Mshipa uliovutwa au kubanwa tu hulala, ukaamka baada ya wiki kadhaa. Ulioumia ndani huku ganda lake likiwa zima huota upya, kwa mwendo wa takribani milimita 1 kwa siku. Kama safari ni ya sentimita 15, hiyo ni miezi mitano, na hapo hakuna kilichokwama njiani. Uliokatika kabisa huenda usirudi kamwe. Kwa hiyo daktari anayemwambia mgonjwa asubiri mwaka mmoja au zaidi kabla ya kukata tamaa hamdanganyi. Tena hisi ikirudi hairudi kwa adabu. Huja na michomo, na kuwashwa kama siafu wanatembea ndani ya ngozi. Wapo ambao chuchu huwa kali kupita kiasi, nguo ikipita tu mtu anaruka. Hayo nayo ni mabadiliko ya hisi, na picha haiyaonyeshi pia.

Vifuko vingi vinavyotumika ni vya kati ya mililita 200 na 400. Kifuko cha mililita 300 ni sawa na ujazo wa chupa ile ya soda ya kioo tuliyokua nayo, moja kila upande, chini ya ngozi ambayo haikuzoea kubeba mzigo huo. Watu hubishana sana kuhusu mahali pa kupasua: kwenye mkunjo wa chini ya titi, kwenye ukingo wa sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, au kwapani, ambako mshipa unaohudumia ngozi ya ndani ya mkono nao uko hatarini. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kupasua ukingoni mwa chuchu ndiko kunakoua hisi zaidi. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliopima hisi kwa vifaa, haukukuta tofauti kati ya njia hiyo na ile ya mkunjo. Kilichojitokeza kilikuwa ukubwa wa kifuko: kadiri kinavyozidi, ndivyo hisi inavyopungua. Mwanamke anayeulizwa anataka saizi gani anastahili kuambiwa hilo sekunde ileile anayoulizwa.

Wapo watakaosema hisi ya titi ni jambo la chumbani, halifai gazetini. Ni la chumbani, ndiyo, na kungwi yeyote anajua si dogo. Mwanamke ana haki ya raha ya mwili wake, na haihitaji sababu nyingine ya kuitetea. Ila chuchu ina kazi nyingine pia. Mtoto anaponyonya, mshipa uleule wa ubavu wa nne hupeleka habari kwenye ubongo, nao huachilia homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yashuke. Akina mama wengi waliowahi kunyonyesha wanaujua ule mchonyoto wa maziwa yanaposhuka. Habari isipofika, maziwa yanaweza kusita hata kama tezi zimejaa. Wengi wenye vifuko hunyonyesha vizuri, lakini binti wa miaka 23 ambaye hajazaa anatakiwa kulisikia hili kabla ya kulala kwenye kitanda cha upasuaji, na si akiwa leba.

Kuna pia hatari ya nyumbani kabisa. Ngozi isiyohisi haitoi onyo. Madaktari wameandika visa vya wanawake waliotengenezewa matiti upya baada ya saratani, wakaungua kwa chupa ya maji ya moto waliyojiwekea kifuani ili kupoza maumivu. Hawakujua mpaka walipoona malengelenge.

Mwanzo wa vifuko vya silikoni ulikuwa mwaka 1962, Houston, Texas. Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita, alikwenda hospitali akitaka kufutwa michoro ya tatuu kifuani. Wapasuaji Frank Gerow na Thomas Cronin walikuwa na vifuko vipya vya silikoni ambavyo havijawahi kuwekwa kwa mwanamke. Wakamwomba awe wa kwanza. Yeye alijibu kwamba anachotaka ni kurekebishwa masikio yaliyochomoza. Wakakubali kufanya vyote viwili. Kila ninapoisoma habari hiyo nakwama hapo kwenye masikio. Mwenye mwili alikuwa na haja yake, na waliokuja na jambo la titi walikuwa wengine.

Ilichukua mpaka Oktoba 2021 ndipo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaagiza kwamba vifuko viuzwe tu kwa wapasuaji wanaopitia na mgonjwa orodha ya hatari za vifuko hivyo, huku mgonjwa akiweka saini. Orodha ya namna hiyo, kwa Kiswahili, ingefaa hapa kwetu pia, ambako upasuaji rekebishi umeanza kuzoeleka, na kwa wale wanaopanda ndege kwenda kusaini fomu za lugha wasiyoielewa.

Kipimo chenyewe cha hisi si ghali. Ni nyuzi za plastiki za unene tofauti, zilezile zinazotumika kupima ganzi kwenye nyayo za wagonjwa wa kisukari. Mgonjwa anafumba macho, daktari anagusa juu, chini, kushoto, kulia na katikati ya chuchu, na kila anapohisi anasema. Nyumbani hata kipande cha pamba kinatosha. Majibu yaandikwe kabla ya kisu, kisha tena baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, kwenye faili lilelile lenye zile picha mbili.